Huduma za awali zimfuate mtoto nyumbani, zisimsubiri shuleni

Mikoa ya Iringa, Njombe na Rukwa inalisha nchi. Sehemu kubwa ya mahindi yanayosagwa na kusongwa ugali mijini hutoka Nyanda za Juu Kusini. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya na viashiria vya malaria wa 2022 uliikuta Iringa ikiwa na watoto 57 waliodumaa katika kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano. Katika Njombe na Rukwa, waliodumaa walikuwa takribani nusu ya watoto wa mkoa. Wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30, kutoka 34 ya mwaka 2015/16. Hatua imepigwa, lakini mikoa yenye maghala yaliyojaa ndiyo inayoongoza kwa watoto waliodumaa.

Takwimu hizi zikitajwa, jibu la viongozi wetu huwa moja: wazazi wapewe elimu ya lishe. Sikatai elimu. Ninaamini tu kwamba tumeitwisha mzigo usio wake. Mama wa Kilolo au Makete anajua kuwa yai na maharage vinamfaa mtoto kuliko uji mtupu. Anachokosa ni muda, na mtu wa kumshika mkono. Msimu wa kilimo anatoka alfajiri, mchanga yuko mgongoni, na yule wa miaka miwili amebaki na dada yake wa miaka minane. Kilichopikwa asubuhi ndicho kitakacholiwa mpaka jioni, na tumbo la mtoto wa miaka miwili haliwezi kupokea chakula cha siku nzima kwa mkupuo. Ongeza kuharisha kwa sababu ya maji yasiyo salama, mimba nyingine iliyoingia kabla huyu hajaimarika, na fedha za mauzo ya mahindi ambazo mama hana kauli juu yake. Gunia lipo ndani, mtoto anadumaa palepale.

Nimeanza na udumavu kwa sababu ndio unaopimika kwa futi. Yapo mengine yasiyopimika kirahisi: mtoto wa miaka mitatu asiyesema, mama aliyejifungua akawa analia kila siku bila mtu kujua, baba anayeamini kipigo ndiyo malezi. Yote haya yana sifa moja. Yakishughulikiwa mapema, na hizo ndizo ninazoziita huduma za awali, yanahitaji mtu, maneno na ziara chache. Yakiachwa yanahitaji hospitali ya rufaa, polisi au mahakama.

Tanzania haina upungufu wa maandishi kuhusu jambo hili. Desemba 2021 Serikali ilizindua Dodoma Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyopangwa kutekelezwa kuanzia 2021/22 hadi 2025/26. Ilijengwa juu ya mambo matano ambayo Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia waliyaweka pamoja mwaka 2018: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama wa mtoto. Ni mpango mzuri na nimeusifu mahali pengi. Ila ukishuka kutoka wizarani hadi kitongojini, yale mambo matano yanatawanyika. Afya iko kwa muuguzi wa zahanati. Lishe iko kwa afisa lishe wa halmashauri, ambaye yuko mjini. Ujifunzaji uko kwa mwalimu wa darasa la awali. Ulinzi uko kwa afisa ustawi wa jamii, ambaye kata nyingi hazina. Na malezi yenye mwitikio, yaani mzazi kuzungumza na mtoto, kucheza naye na kumwitikia anapolia, hayana mtu kabisa.

Tazama kalenda ya mtoto wetu. Akizaliwa anapata chanjo ya kifua kikuu na ya polio. Anarudi kliniki akiwa na wiki 6, kisha 10, kisha 14. Miezi 9 anachomwa surua na rubela, na miezi 18 anarudia. Mpaka hapo mfumo unamfahamu vizuri: ana kadi, ana uzito ulioandikwa, ana muuguzi anayemgombeza mama yake akichelewa. Baada ya sindano ya miezi 18, wazazi wengi huona kazi imekwisha. Kupima uzito kila mwezi hadi miaka mitano kumeandikwa kwenye utaratibu, lakini mama aliyetembea saa nzima, akapanga foleni asubuhi yote ili mtoto aning'inizwe kwenye mizani na kushushwa bila neno lolote la maana, hana sababu ya kurudi. Kadi inaingia sandukuni. Mtoto huyu ataonekana tena na mtumishi wa umma akifika darasa la awali akiwa na miaka mitano, na wengine wanasubiri mpaka darasa la kwanza.

Katikati hapo pana zaidi ya miaka mitatu. Ndiyo miaka ya kupata lugha, ya kujifunza kuzuia hasira, ya kujua kama mtu mzima anaaminika. Ndiyo miaka ambayo mtoto mwenye ulemavu anaamuliwa hatima yake. Mwenye mtindio wa ubongo akianza mazoezi ya viungo mapema, misuli haikakamai kiasi kile, na wengine hufika kukaa au kusimama wenyewe. Mtoto asiyesikia akigundulika mapema, familia nzima inaweza kujifunza lugha ya alama pamoja naye. Sasa fikiria kinachotokea mitaani. Bibi anasema mwacheni, hata baba yake alichelewa kuongea. Jirani anasema amechezewa. Familia inahangaika kwa waganga, fedha zinakwisha, na mtoto anaanza kufungiwa ndani wageni wanapokuja. Anapofika mbele ya mtaalamu ana miaka saba, na mtaalamu anauliza swali ambalo huwa linamliza mama: mlikuwa wapi siku zote? Swali hilo halimhusu mama. Linatuhusu sisi tuliopanga huduma zikae mbali, zimsubiri.

Msimamo wangu ni kwamba huduma ya awali ambayo kila kijiji na kila mtaa unapaswa kuwa nayo kabla ya nyingine zote ni mtu anayelipwa, anayefahamika, anayebisha hodi nyumbani kwa kila mwenye mimba na kila mwenye mtoto mdogo, kwa ratiba, bila kusubiri tatizo. Majengo, semina na makongamano yafuate baadaye. Kwa kawaida tunaanza na hayo ya baadaye, kwa sababu yanazindulika.

Ushahidi upo, tena wa nchi isiyo tajiri. Mwaka 1986 na 1987, mjini Kingston, Jamaika, watafiti waliwachukua watoto 129 waliodumaa wenye umri kati ya miezi 9 na 24. Baadhi walipewa chakula cha nyongeza, baadhi walitembelewa nyumbani, baadhi walipata vyote, na wengine hawakupewa kimojawapo. Aliyewatembelea hakuwa daktari. Alikuwa mhudumu wa afya wa jamii, mwanamke wa palepale, aliyefika kila wiki kwa muda wa saa moja hivi, kwa miaka miwili. Alimwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto kwa vitu vya kutengeneza nyumbani: vizibo, makopo, vipande vya mbao, picha. Watoto wale walifuatiliwa mpaka ukubwani. Matokeo yaliyochapishwa 2014 yalionyesha kuwa walipofika miaka 22, waliotembelewa walikuwa wakipata kipato cha asilimia 25 zaidi ya wenzao wasiotembelewa, wakawa wamewafikia vijana ambao hawakuwahi kudumaa. Chakula cha nyongeza peke yake hakikuleta tofauti hiyo. Kila diwani wa Iringa na Njombe angepaswa kuujua utafiti huu kama anavyojua bei ya mbolea.

Uingereza nayo ina funzo, zuri na chungu. Mwaka 1999 ilianza kufungua vituo vya Sure Start katika maeneo maskini, mahali ambapo mzazi angempata mkunga, mshauri wa malezi, mchezo wa mtoto na msaada wa kutafuta kazi chini ya paa moja. Kufikia 2010 vilikuwa karibu 3,600. Uchambuzi wa taasisi ya Institute for Fiscal Studies uliotoka 2024 ulionyesha kuwa watoto walioishi karibu na vituo hivyo walifanya vizuri zaidi katika mitihani ya miaka 16, na wa familia maskini ndio waliofaidika zaidi. Ila faida hiyo ilitokana na vituo vya mwanzo, vilivyokuwa na fedha za kutosha, vilivyowashirikisha wazazi wa eneo katika uamuzi na kutuma watu kuwafuata majumbani. Vilivyofunguliwa baadaye kwa wingi, bajeti ikiwa imetandazwa, havikuonyesha matokeo kama hayo. Baada ya 2010 fedha zikakatwa zaidi ya theluthi mbili na vituo vingi vikafungwa, kwa sababu huduma ambayo faida yake inaonekana miaka 15 baadaye haina wa kuitetea bajeti inapobana. Nchi tajiri ilishindwa kuilinda. Sisi tusidhani italindwa na nia njema.

Hapa kwetu tumeshathibitisha jambo lilelile bila kwenda mbali. Zamani cheti cha kuzaliwa kilipatikana wilayani. Mzazi alipoteza siku, nauli na ada, na matokeo yalikuwa kwamba utafiti wa 2010 uliwakuta watoto 16 tu kati ya 100 wa chini ya miaka mitano wakiwa wamesajiliwa. Mwaka 2013, kuanzia Mbeya, RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, iliuhamishia usajili wa watoto hao kwenye zahanati na ofisi za kata, ikafuta ada, cheti kikaandikwa palepale na taarifa kutumwa kwa simu ya mkononi. Hakuna aliyewabadilisha wazazi wa Mbeya tabia. Huduma ndiyo iliyohama ikawafuata, na watu wakajitokeza mkoa baada ya mkoa. Miaka yote tulikuwa tukisema wananchi hawana mwamko.

Kwa hiyo nilifurahi Januari 2024, Makamu wa Rais wa wakati huo, Dkt. Philip Mpango, alipozindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Lengo lilikuwa wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano, wawili kwa kila mtaa na kitongoji, mwanamke na mwanaume, wakichaguliwa na wanakijiji wenyewe, wakipewa mafunzo na kulipwa. Ukitekelezwa kama ulivyoandikwa, huu ndio mlango wa huduma za awali. Lakini kuna mambo yanayonitia hofu.

La kwanza ni malipo. Kwa miongo kadhaa nchi hii iliendeshwa na wanaojitolea. Mradi wa malaria ulikuwa na mtu wake, wa kifua kikuu wake, wa lishe wake. Nyumba moja ilipokea watu watatu wenye madaftari matatu, kila mmoja na posho ya siku ya semina, na mradi ulipofungwa wote waliondoka. Mwanamke mwenye watoto wake hawezi kuzunguka kaya za watu miaka nenda rudi kwa fulana na begi. Kenya, ilipowazindua wahudumu wake 100,000 mwaka 2023, ilipanga kila mmoja alipwe shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi, nusu ikitoka serikali kuu na nusu kaunti. Si fedha nyingi, na ucheleweshaji haujakosa kulalamikiwa. Lakini mgawanyo ukiwa wazi namna hiyo, mwananchi anajua nani wa kumdai. Hapa kwetu halmashauri zinapaswa kuwa na fungu lao la kumlipa mhudumu wa kitongoji, lililoandikwa kwa jina hilo, lisilohamishiwa kwenye mafuta ya gari.

La pili ni daftari lake. Mhudumu akitumwa kuuliza chandarua, choo na chanjo peke yake, ndivyo atakavyouliza, kwa sababu ndivyo vinavyojazwa. Ninataka kwenye fomu hiyohiyo pawe na maswali ambayo leo hayaulizwi. Mtoto anaitikia akiitwa jina? Anaunganisha maneno mawili? Mama analala? Nani anabaki na mtoto unapokwenda shambani? Baba yuko, na anamgusa mtoto wake? Maswali haya hayahitaji shahada. Yanahitaji mafunzo, uvumilivu na kurudi tena, kwa kuwa hakuna mama atakayemwambia mgeni ukweli kuhusu kipigo siku ya kwanza.

La tatu ndilo zito. Mhudumu akishagundua, amkabidhi nani? Rufaa isiyo na mpokeaji inamvunja moyo mhudumu na kumwaibisha mbele ya majirani. Sheria ya Mtoto ya 2009 inazipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto katika eneo lake. Wajibu huo una maana gani pale ambapo afisa ustawi wa jamii mmoja anahudumia kata kadhaa, hana usafiri, na siku zake zinakwisha kwenye migogoro ya ndoa na matunzo? Kabla ya kuajiri mtu mwingine yeyote wa kusimamia, halmashauri zimweke afisa ustawi katika kila kata, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayefika kwenye vituo vya afya kwa siku zinazojulikana. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, inayofanyika kila robo mwaka, ingefaa sana kwa hilo: mama angejua kuwa siku hiyo mtoto hapimwi mkono tu, kuna mtu wa kumtazama miguu, masikio na maneno.

Wapo wanaouliza, na swali lao ni halali: kwa nini mtu wa serikali aingie nyumbani kwangu kunifundisha kulea? Ustawi wa jamii mitaani unaogopwa. Afisa akionekana kwenye nyumba, majirani wanajua kuna mtoto anayechukuliwa au baba anayepelekwa polisi. Hofu hiyo imetokana na sisi kumpeleka afisa pale tu mambo yalipoharibika. Dawa yake ni kuzifikia kaya zote. Mhudumu akipita kwa mwalimu mkuu, kwa mwenye duka na kwa mama ntilie kwa utaratibu mmoja, kutembelewa hakutakuwa alama ya aibu. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaotaka huduma hizi ziende pekee kwa kaya za TASAF, yaani kaya maskini zinazopewa ruzuku na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Ruzuku ya kaya maskini ina masharti mazuri ya kumpeleka mtoto kliniki na shule, na iendelee. Lakini ukatili haukai kwa maskini pekee. Utafiti wa kitaifa wa 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na karibu robo tatu ya watoto, wa kike kwa wa kiume, walipigwa ngumi, mateke au viboko. Idadi hiyo haiwezi kutoka kwenye nyumba chache zilizoorodheshwa. Namba 116 ya simu kwa mtoto ni ya bure na inaokoa watoto, ila anayepiga huwa tayari yuko ndani ya tatizo.

Mijini sura ni nyingine. Tandale na Buguruni jijini Dar es Salaam, au Mabatini mkoani Mwanza, zahanati si mbali sana. Tatizo ni saa za kazi. Mama anayeuza mboga anafika sokoni kabla ya jua, na mtoto anaachwa kwa dada wa kazi ambaye mwenyewe bado ni mtoto, au kwenye chumba cha jirani wanakolundikwa watoto 20 mbele ya televisheni. Sheria inataka vituo vya kulelea watoto wadogo mchana visajiliwe, na ni sawa. Lakini tukivifunga visivyosajiliwa bila kuvisaidia, mtoto atarudi sokoni chini ya meza. Wale akina mama wanaolea watoto wa wenzao tayari ni huduma. Wapewe mafunzo, wakaguliwe kwa nia ya kuwainua, wapunguziwe gharama za usajili.

Pwani yetu imewahi kufanya hivyo kwa ufanisi. Shule za awali za madrasa zilizoasisiwa Mombasa miaka ya 1980 kwa msaada wa mtandao wa Aga Khan, Bi Swafiya Said akiwa miongoni mwa waanzilishi, zikafika Zanzibar 1990 na Kampala 1993, ziliwachukua wanawake wa mtaa uleule na kuwafanya walimu. Vifaa vilikuwa kombe, mbegu, vifuu na mbao. Kamati ya wazazi ndiyo iliyosimamia. Hakuna lililoletwa ambalo mzazi wa Unguja aliliona geni kwa dini au kwa lugha yake, na ndiyo maana aliwapeleka watoto.

Kuhusu fedha, tuseme wazi. Halmashauri zilielekezwa kutenga kutoka mapato ya ndani shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe, na wakuu wa mikoa wakatia saini mkataba wa lishe mwaka 2017 na tena 2022. Mkataba ulisaidia, kwa sababu kila mkoa ulianza kupimwa. Lakini 1,000 ni chini ya nauli ya daladala ya kwenda na kurudi jijini Dar es Salaam, ambako safari fupi kabisa ilipanda hadi 600 mwishoni mwa 2023. Hicho ndicho kiwango tulichomwekea mtoto kwa siku 365, na hata hicho halmashauri nyingine hazikukitoa chote. Wakati huohuo asilimia 10 ya mapato ya ndani inatengwa kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa sababu imeandikwa kwenye sheria ya fedha za serikali za mitaa. Fungu la sheria na fungu la maelekezo havifanani kabisa mwezi wa Juni unapofika na akaunti imekauka. Fungu la watoto wadogo liingie kwenye sheria hiyo. Hata asilimia 2 ingewalipa wahudumu wa vitongoji katika halmashauri zenye makusanyo mazuri, na serikali kuu ingezijazia zile maskini.

Bajeti ya mwaka ujao wa fedha haiandikwi Juni bungeni. Inaanza kuandikwa miezi mingi kabla, vipaumbele vya kijiji vinapopelekwa kwenye kamati ya maendeleo ya kata. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa uitishwe kila baada ya miezi mitatu, na mtendaji analazimika kusoma mapato na matumizi. Safari hii aulizwe pia: wahudumu wetu wawili wa kitongoji wamelipwa mara ya mwisho lini, wametembelea kaya ngapi zenye watoto wa chini ya miaka mitano, na watoto waliowaandikia rufaa walipokelewa na nani? Majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, na diwani aondoke na nakala yake.